Tangi Lililo Nusu na Kona ya Kulia: Mwongozo wa Boza la Maji Kitui na Makueni

Boza la maji la lita 10,000 likitoka kisimani limejaa, dereva huliendesha kwa heshima. Injini inanguruma, springi zimelala, kila kilima kinadai gia ya chini. Anafika shule ya kwanza huko Kathonzweni au Zombe, anamwaga lita 5,000, utingo anakunja mpira, safari inaendelea. Gari sasa ni jepesi. Linapanda bila shida, likikanyagwa linaitika upesi, na dereva anajikuta ameongeza mwendo bila kukusudia. Ndani ya tangi kumebaki tani 5 za maji zilizopata nafasi ya kutembea, na kona inayofuata ndiyo itakayozitembeza.

Mwongozo huu ni wa wewe unayeendesha boza, wewe unayelimiliki, na wewe mwalimu mkuu au mwanakamati wa maji unayeliagiza wakati wa kiangazi. Nawaita nyote watatu kwa sababu dereva ndiye mwenye usukani mikononi, lakini mengi yanayoamua kama gari litasimama au litalala huwa yamekwisha kuamuliwa na wengine: fundi aliyeunda tangi, tajiri anayelipa kwa tripu, mteja anayetaka lita 3,000 hapa na 2,000 kule.

Maji yanavyotembea

Lita moja ya maji ni kilo moja. Dizeli ni nyepesi zaidi, kama gramu 840 kwa lita, na petroli ni kama gramu 740. Hesabu hiyo inawahusu sana wanaonunua matangi makuukuu ya mafuta na kuyageuza ya maji. Tangi la petroli la lita 10,000 likijazwa maji hubeba tani 2 na nusu zaidi ya mzigo lililoundiwa, na uzito huo wote umekaa juu ya chasisi. Tena maji ya tangi kama hilo hayafai kunywewa na watoto wa shule, lioshwe lisioshwe. Sababu hiyo peke yake yatosha kuliacha.

Tangi lililojaa pomoni ni zito, lakini uzito wake umetulia. Tangi tupu halina cha kutembea. Shida iko katikati, hasa maji yanapokuwa kati ya asilimia 40 na 70 ya tangi. Ukikata kona ya kulia, maji yanakimbilia kushoto na kupanda ubavuni. Tairi za kushoto zinaongezewa mzigo, za kulia zinapunguziwa, springi za kushoto zinabonyea, bodi inainama, na kule kuinama kunayapa maji mteremko mwingine wa kukimbilia.

Maji hayo pia yana mpigo wake. Katika tangi la duara lenye kipenyo cha mita 1.8 lililojaa nusu, wimbi la ubavuni huenda na kurudi kwa muda wa sekunde moja na nusu hivi. Tangi likiwa pana zaidi, muda unarefuka kidogo. Sasa chukua kona mbili zinazofuatana, ya kulia kisha ya kushoto. Ukigeuza usukani sambamba na mpigo ule, kila wimbi linaongezewa nguvu, kama mtoto anayesukumwa kwenye bembea kila anaporudi. Ndiyo maana kona ya pili huweza kulilaza gari lililopita ya kwanza salama. Dawa yake ni subira: ukitoka kona ya kwanza, nyoosha gari, usikanyage mafuta, ulisikie limetulia chini yako kabla ya kugeuza tena. Kama kona zimebanana na nafasi hiyo haipo, ziingie zote mbili kwa mwendo wa ile iliyo kali zaidi.

Kuna imani iliyoenea kwamba tangi likishawekwa mabamba yenye matundu ndani, tatizo limekwisha. Mabamba hayo huwekwa yakikingama upana wa tangi, na kazi yake ni kuvunja wimbi linalokwenda mbele na nyuma unapofunga breki au unapoondoka. Kwa kazi hiyo yana thamani kubwa. Kona hurusha maji ubavuni, na upande huo mabamba hayo hayakingi chochote. Ukitaka kuzuia wimbi la ubavuni unahitaji bamba linalokwenda kwa urefu wa tangi, na maboza yenye bamba hilo ni machache. Matangi ya maziwa na ya mafuta ya kupikia kwa kawaida hayana hata yale yaliyokingama, kwa kuwa uchafu hujificha kwenye pembe zake na kuosha kunakuwa kugumu. Dereva wa tangi la namna hiyo anajua teke lake anaposimama.

Hesabu ya kona

Nguvu inayolisukuma gari nje ya kona huongezeka kwa mraba wa mwendo. Maneno hayo yanapita sikioni haraka, kwa hiyo nitayawekea tarakimu. Chukua kona ambayo, kama ingekamilika kuwa duara, nusu kipenyo chake kingekuwa mita 50. Kona za aina hiyo ni nyingi kwenye barabara zetu za vilimani. Ukiipita kwa kilomita 30 kwa saa, gari linasukumwa ubavuni kwa nguvu iliyo sawa na asilimia 14 ya uzito wake. Kwa kilomita 40 ni asilimia 25. Kwa 50 ni asilimia 39. Kwa 60 ni asilimia 57.

Gari dogo likizidiwa kwenye lami kavu kwa kawaida huteleza kabla ya kupinduka. Lori lenye tangi refu hupinduka kabla ya kuteleza, na magari mengi ya aina hiyo hufika ukingoni yanaposukumwa kwa asilimia 30 hadi 40 ya uzito wake, hata kabla ya kuhesabu wimbi. Tazama tena tarakimu za hapo juu. Kati ya kilomita 40 na 50 kwa saa, tofauti ambayo mguu hauisikii, boza limetoka kwenye usalama likafika ukingoni.

Mimi nashauri boza lenye maji nusu lisipite kona yoyote kwa zaidi ya asilimia 20. Kwa kona ya mita 100 hiyo ni kama kilomita 50 kwa saa. Kwa ile ya mita 50 ni 35. Kwa kona kali ya mlimani yenye mita 15, ni chini ya 20. Ukikutana na kibao cha mwendo kabla ya kona, usikichukue kuwa ruhusa: kinafikiria magari ya kawaida na lami kavu, hakijui umebeba nini. Kidhibiti mwendo nacho kimefungwa kwenye kilomita 80 kama sheria inavyotaka kwa magari makubwa ya biashara, na kona haikihusu.

Hakuna dereva atakayepima nusu kipenyo cha kona akiwa safarini. Kuna njia rahisi ya kuijua barabara yako. Funga uzi juu ya kioo cha mbele katikati, uning'inize nati nzito, uzi uwe na urefu wa sentimita 50 hadi kwenye nati. Weka alama sentimita 10 kulia na sentimita 10 kushoto ya pale nati inapotulia. Nati ikifika alama na kukaa hapo wakati wa kona, umefika ile asilimia 20. Anayeitazama ni utingo. Wewe tazama barabara. Fanyeni hivyo mara chache kwenye njia mnayoizoea, gari likiwa tupu, mkiandika mwendo wa kila kona. Kisha toeni uzi, mbaki na daftari.

Kwa nini kona ya kulia

Tunaendesha upande wa kushoto, na barabara nyingi, hasa za changarawe, zimeinuka katikati ili maji ya mvua yatiririkie pande zote mbili. Kwa hiyo upande wako unainamia kushoto. Ukikata kona ya kushoto, mwinamo huo unakusaidia. Ukikata kona ya kulia, mzigo unarushwa kushoto na barabara yenyewe inainamia kushoto. Pale wajenzi walipoinua ukingo wa nje wa kona jambo hili limerekebishwa. Kwenye barabara ya vijijini iliyopitishiwa greda tu, mara nyingi halijarekebishwa. Mwinamo wa sentimita 5 kwa kila mita huongeza asilimia 5 kwenye hesabu ya juu, na kwa boza asilimia 5 ni nyingi. Kona ya kulia kwenye changarawe ipunguzie kilomita nyingine 5 kwa saa, na usiishike ukiwa umebana pembezoni kabisa ambako udongo umemomonyoka.

Hapo pembezoni pana mtego mwingine. Tairi la kushoto likishuka nje ya lami, mkono hutaka kulirudisha papo hapo. Usifanye hivyo. Tairi hukwaruza ukuta wa lami, hukataa kupanda, kisha hupanda ghafla usukani ukiwa umezungushwa sana, na gari linarushwa upande wa pili pamoja na maji yake. Shika usukani imara, ondoa mguu kwenye mafuta, acha tairi lichezee huko nje hadi mwendo ushuke, ndipo urudi taratibu mahali ambapo lami na udongo vimekaribiana.

Kupanga safari

Hapa ndipo mwenye gari na mteja wanapoweza kuokoa maisha bila kugusa usukani. Kanuni ni moja: tangi litembee limejaa au tupu, na kipande cha njia kinachotembewa likiwa nusu kiwe kifupi, kilichonyooka na tambarare kadiri inavyowezekana. Kama una wateja wawili, usitazame nani alipiga simu kwanza. Tazama njia iliyo kati yao. Afadhali mteja wa mbali afikiwe tangi likiwa limejaa, kisha salio limwagwe kwa jirani yake aliye kilomita mbili kwenye barabara nyoofu, kuliko kumpa wa kwanza njiani halafu kuupanda mlima na mawimbi.

Mwalimu mkuu, kama tangi lako linachukua lita 5,000 tu, agiza gari la lita 5,000, au ongeza tangi la pili ili mzigo wote uishie kwako. Kamati zinazosambaza maji wakati wa ukame zinaweza kupanga ratiba kwa ukubwa wa matangi ya vijiji. Jambo hilo halina gharama yoyote.

Tangi likiwa na vyumba vilivyotenganishwa kabisa, maliza chumba kimoja hadi tone la mwisho kabla ya kufungua kingine. Kwa lori lisilo na trela anza na cha nyuma, ili magurudumu ya mbele yasibaki mepesi na usukani ukakosa kushika. Vyumba vyote vikifunguliwa kwa pamoja, vyote vinabaki nusu, na faida ya kuwa na vyumba imepotea.

Kenta na tangi la plastiki

Nimeliacha hili lisimame peke yake kwa sababu ndilo linaloongezeka kila kiangazi na ndilo linaloniogopesha zaidi. Mtu ana kenta ya kubeba mchanga au mboga. Ukame unaingia, bei ya maji inapanda, anapandisha nyuma tangi la plastiki la lita 5,000, lile lile lililotengenezwa kukaa kando ya nyumba, analifunga kwa kamba, anaingia kazini.

Tangi hilo likiwa wima lina kimo cha mita 2 hivi. Sakafu ya kenta iko kama mita moja kutoka ardhini. Katikati ya uzito wa maji kumefika mita 2 juu ya barabara, kwenye gari ambalo upana kati ya tairi zake hauzidi sana mita moja na nusu. Tani 5 ni mzigo ambao kenta nyingi hazikuundiwa kubeba. Ndani hamna bamba lolote. Plastiki inavimba na kunywea, kamba inalegea kadiri maji yanavyopungua, na tangi linaanza kusogea sakafuni. Yote niliyoeleza hapo juu yako hapa kwa pamoja.

Kama huna gari jingine, fanya hivi. Soma uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba, utoe uzito wa tangi, kinachobaki ndicho kiasi cha lita zako. Badala ya tangi moja refu tumia madogo kadhaa, mafupi na mapana, kila moja lijazwe hadi mdomoni na limwagwe lote kwa zamu, ukianza na la nyuma. Yafunge kwa mikanda ya kukazia mizigo juu ya fremu ya chuma iliyofungwa kwa bolti kwenye chasisi, na pigilia mbao au vyuma vya kuzuia sehemu ya chini isisogee. Kamba ya katani si kifungio cha tani za maji. Usiweke tangi juu ya magogo ili maji yatiririke kwa kasi wakati wa kumwaga. Kila sentimita 10 unazoongeza juu zinapunguza uwezo wa gari kuhimili kona, na pampu ndogo ya petroli inaifanya kazi hiyo vizuri.

Trekta inayovuta tangi ni jambo la karibu na hili. Isipite ikikata mteremko kwa ubavu shambani, na isiteremke kilima kwa kasi inayoruhusu tangi kuisukuma trekta kutoka nyuma.

Milima ya Kilungu na Mbooni

Milima ndiyo yenye chemchemi, na tambarare za chini ndizo zenye kiu. Kwa hiyo boza hupanda tupu na kuteremka limejaa, kinyume na vile dereva angependa. Barabara za kuzunguka Nunguni na Kikima zina kona zilizofuatana kwenye mteremko, na huko kosa kubwa hufanyika kabla ya kona.

Breki zote zifungwe barabara ikiwa imenyooka. Chagua gia kileleni, iwe ile ambayo ungetumia kupanda mlima huo huo au ya chini yake, na uibakize hadi chini. Ukifunga breki katikati ya kona, maji yanakimbilia mbele na nje kwa wakati mmoja, yote yanaangukia tairi moja la mbele, la upande wa nje. Ukiwa umepunguza mapema, unaipita kona ukigusa mafuta kidogo tu ili gari livutwe badala ya kujisukuma lenyewe. Kuteremka bila gia ili kuokoa dizeli ni kuuza gari na waliomo. Breki zikichemka kwenye kona ya tatu, ya nne utaipita kwa matumaini tu.

Ukisimama, usiachie breki upesi. Wimbi la mwisho hufika baada ya magurudumu kutulia, na linaweza kulisogeza boza mbele hatua kadhaa, hadi alipo mtoto mwenye mtungi.

Mifugo, bodaboda na mkono wa ghafla

Punda wenye mitungi, mbuzi na ng'ombe huvuka popote kwenye njia ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui, na lami yake nzuri inakaribisha mwendo. Kukwepa kwa ghafla ni kona kali kuliko yoyote iliyochorwa na mhandisi, na kurudi kwenye njia yako ni kona ya pili, kwa mpigo ule ule wa maji. Mnamo 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipinduka. Taarifa za wakati huo zilisema dereva alikuwa akimkwepa mwendesha pikipiki. Watu zaidi ya 100 walikufa kwa moto uliofuata, wengi wao wakiwa wamekwenda kuchota mafuta.

Ukiona mifugo kando ya barabara, iwe imesimama au inatembea, punguza mwendo wakati huo huo, bila kungoja kujua itaamua nini. Ikiwa imeshaingia barabarani, funga breki kwa nguvu ukiwa umenyooka. Ni neno gumu kwa mfugaji, lakini kumgonga mbuzi kwa mwendo mdogo ni afadhali kuliko kulilaza boza juu ya waliosimama kituoni.

Kabla ya kuondoka

Zunguka gari. Tairi zote za upande mmoja ziwe na upepo sawa na wa upande wa pili, na pale zilipofungwa mbili mbili pima ile ya ndani pia, kwa maana ikiwa bapa huioni na gari tayari limeinama. Simama nyuma hatua 20 utazame kama bodi imelala upande. Springi moja iliyovunjika jani itakuambia hapo. Kagua bolti zinazoshika tangi kwenye chasisi na nyufa kwenye mahali palipochomewa. Funga kifuniko cha juu. Anayetaka kujua kiasi kilichobaki asikisie kwa mlio wa kugonga tangi. Weka mrija wa kuonyesha kimo.

Kwa wale wa trela za Barabara ya Mombasa, kati ya Mtito Andei na Salama, ongezeni jambo moja tu. Kichwa na trela havisikii kona pamoja. Trela huanza kuinuka upande wa ndani wakati kiti chako bado kimetulia, na ukija kuisikia imeshakwenda. Vioo vya pembeni ndivyo vitakavyokuambia.

Mwenye gari, malipo ya tripu yanamfanya dereva ahesabu dakika za kila kona. Lipa kwa siku, au kwa lita zilizofika na kusainiwa, na uweke idadi ya juu ya safari ambayo haipitwi hata mteja akilia.

Likishalala

Zima injini, toa watu, weka vibao vya pembetatu mbali pande zote mbili, hasa kabla ya kona inayowaficha wanaokuja. Piga 999 au 112. Kama mzigo ni mafuta, wafukuze watu hata kwa ukali: Sachang'wan, mnamo 31 Januari 2009, zaidi ya watu 100 waliteketea wakichota petroli kutoka lori lililopinduka. Kama ni maji, watu watakuja na mitungi, na tangi la dizeli la gari lenyewe linaweza kuwa linavuja chini yao. Wape maji kwa mpira, mbali na gari.

Kreni ikifika, hakikisha tangi limemwagwa lote kabla halijainuliwa. Tangi lenye maji likiinuliwa litahamisha uzito wake katikati ya kazi na kubingirika upande wa pili, walikosimama mafundi. Na likishasimama, lisirudi barabarani kabla fundi hajakagua fremu, springi na bolti zote za tangi, moja baada ya nyingine.